Shatavari: mzizi wa Kihindi unaouzwa kama "dawa ya kizazi". Tuujue kabla ya kutoa hela

MfamasiaWaTanga (mwanzisha uzi):

Habari zenu wapendwa. Akina baba nanyi karibuni, maana mara nyingi hela ya dawa hii inatoka mfukoni mwenu.

Kwenye magrupu ya akina mama kuna kopo linazunguka. Jina ni shatavari, na chini ya jina wameandika: huzibua mirija, huyeyusha uvimbe, hurekebisha homoni, huongeza maziwa, hubana uke. Bei haieleweki, anapandishiwa yule mwenye shida kubwa zaidi. Mimi ni mfamasia, na nimesoma Jamnagar, Gujarat, mji wenye chuo kikuu cha Ayurveda, yaani tiba asili ya India, tangu miaka ya 1960 na ambako mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka kituo chake cha kimataifa cha tiba asili. Shatavari nimeiona ikimenywa, ikipikwa na ikinywewa. Naipenda na ninaiheshimu. Ndiyo maana inaniuma kuona mzizi mzuri hivi unabebeshwa uongo ambao hata hao wenye elimu yake hawausemi.

Nianze na mmea wenyewe. Kitaalamu ni Asparagus racemosus. Unapanda juu ya vichaka, una miiba iliyopinda na majani membamba mno. Mliowahi kufunga maua ya harusi mnayajua yale majani laini ya kijani yanayochanganywa na waridi: hayo ni ya ndugu yake, Asparagus setaceus. Wengi hawajui kwamba shatavari yenyewe si mgeni Afrika. Inaota porini kwetu Afrika Mashariki, inakwenda mpaka Afrika Kusini, na upande wa pili inapita India, Nepal na Sri Lanka hadi kaskazini mwa Australia. Lakini elimu ya kuitumia iliyoandikwa vitabuni na biashara yake kubwa ni ya India, kwa hiyo nitazungumzia ya huko.

Dawa iko chini ya ardhi. Ukichimba shina moja lililokomaa unakuta rundo zima la mizizi minene, laini, imejaa maji. Wakulima wa Madhya Pradesh, Rajasthan na Uttar Pradesh huiacha shambani mwaka mmoja na nusu hadi miwili au zaidi, kisha huchimba wakati wa baridi majani yakianza kugeuka manjano. Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza. Wanawake huketi na sufuria kubwa, mizizi inachemshwa dakika chache, inamwagwa kwenye maji baridi, halafu ganda linavuliwa kwa vidole. Ndani ya kila mzizi kuna uzi mgumu katikati. Mmenyaji anaupasua mzizi kwa ukucha, anaushika ule uzi nchani na kuuvuta mpaka utoke mzima, kisha nyama nyeupe inayobaki inatandazwa ikauke. Mikono inabaki na ute. Mzizi uliokauka vizuri una rangi ya krimu, umejikunja kwa urefu, na ukiutafuna unapata utamu kwanza, uchungu kidogo unakuja nyuma yake. Shikeni hayo, yatawasaidia dukani.

Kwenye vitabu vya kale vya Ayurveda, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, mzizi huu umo. Charaka ameuweka miongoni mwa dawa zinazotia nguvu na zile zinazochelewesha uzee. Kwa lugha ya Ayurveda ni dawa tamu, yenye uchungu kidogo, nzito na ya baridi: inatuliza vata na pitta, nguvu mbili za mwili katika elimu hiyo, yaani inamfaa mtu aliyekauka, aliyechoka, mwenye joto na kiungulia. Inapewa mwanamke anayenyonyesha ili maziwa yashuke, mwanamke anayetoka damu nyingi, na mwanamke aliyefika ukomo wa hedhi anayesumbuliwa na joto na ukavu. Na wanaume wanapewa pia, kwa vidonda vya tumbo na udhaifu. Haikuwahi kuwa ya wanawake peke yao.

Inapikwa. Hilo nalisisitiza kwa sababu kwenye kopo la vidonge halionekani. Unga unachemshwa ndani ya maziwa, au mzizi unapikwa ndani ya samli mpaka samli iinywe dawa yote. Kuna samli maarufu inaitwa Phala Ghrita, shatavari ikiwa mojawapo ya vitu vingi vilivyomo, ambayo vitabu vinaitaja kwa wanaotafuta mtoto. Na kuna chenga tamu za shatavari, sukari na iliki ambazo kila duka la dawa India wanazo, bibi anamkorogea mkwe wake kwenye maziwa asubuhi baada ya kujifungua. Sri Lanka wao wanatumia majani: wanayasaga na kupikia uji wa kijani wa mchele na nazi, hathawariya kola kenda, unauzwa asubuhi barabarani. Nepal machipukizi yake ni mboga, wanaita kurilo. Kwa watu wa kule hiki ni chakula kinachoelekea kuwa dawa.

Sasa sayansi. Ndani ya mzizi kuna saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu, zinazoitwa shatavarini, na maabara zimeona dalili kwamba baadhi ya viambato vyake vinafanya kazi inayofanana kidogo na estrojeni, homoni ya kike. Upande wa maziwa ya mama, majaribio mawili yanatajwa sana na yanapingana. La mwaka 1996 lilifanywa India kwa mama wenye maziwa pungufu, waligawiwa dawa mchanganyiko yenye shatavari au dawa bandia, na homoni ya maziwa, prolaktini, haikutofautiana. La mwaka 2011, pia la India, lilichukua mama 60 na kuwapa unga wa mzizi wenyewe. Hapo prolaktini ilipanda zaidi kwa waliotumia, na uzito wa watoto vilevile. La kwanza lilikuwa mchanganyiko ambao shatavari ni sehemu tu, la pili mzizi mtupu. Mimi nasema kwa maziwa kuna tumaini la haki, uhakika bado.

Upande wa kizazi hadithi inabadilika kabisa. Mirija ikiziba, mara nyingi ni kovu: kisonono au klamidia iliyopita bila kutibiwa, maambukizi baada ya mimba kutoka, au kifua kikuu cha kizazi, ambacho India wanakijua vizuri sana. Kovu haliyeyuki kwa unga wa mzizi. Uvimbe wa fibroidi unakua kwa kulishwa na estrojeni. Sasa mtu mwenye fibroidi anapewaje, tena kwa miezi, mzizi ambao huenda una tabia ya estrojeni, na anaambiwa utauyeyusha? Hiyo ndiyo sehemu ya tangazo inayonikosesha usingizi. Dada anakunywa, anangoja, uvimbe unakua, damu inamwishia.

Nani asiitumie bila kuongea na daktari: mjamzito (kuna utafiti wa panya wa mwaka 2006 ulioonyesha madhara kwa vijusi), mwenye saratani ya matiti au aliyewahi kuugua, mwenye fibroidi au endometriosisi (nyama ya ndani ya kizazi kuota nje ya kizazi), mwenye ugonjwa wa figo, anayetumia vidonge vya kukojoza maji au dawa ya lithiamu, na yeyote ambaye asparaga za kawaida, zile za mboga, zinamletea vipele au kubanwa kifua. Ayurveda wenyewe wanaongeza mtu mwenye makohozi mengi na tumbo lisilosaga chakula, kwa sababu dawa ni nzito na baridi.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyopata nafasi.

NyotaYaPwani:

Shukran dadangu kwa uzi huu. Mimi niko Mombasa, nina mzazi hapa nyumbani, mdogo wangu, bado yuko ndani ya arobaini. Tunampa uji wa pilipili manga, supu ya kuku wa kienyeji, maziwa ya moto. Lakini analia kila siku maziwa hayatoshi, mtoto anataka ziwa kila saa. Jirani yetu Mhindi kaleta hizo chenga tamu ulizosema. Tumpe?

MfamasiaWaTanga:

Hongereni kwa mtoto, Mwenyezi Mungu amkuze. Kabla ya kumpa chochote, hakikisheni kwanza kama kweli maziwa ni kidogo, kwa sababu kichanga kutaka ziwa kila saa mbili ni kawaida yake, na siku akikua kwa kasi anataka hata zaidi. Hesabuni nepi: mtoto aliyepita siku ya tano akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, na uzito unapanda kliniki, anashiba huyo hata kama mama anaona matiti yake ni laini.

Kama nepi ni chache au uzito haupandi, mpelekeni kliniki mtoto aangaliwe leo, msingoje dawa ifanye kazi. Muulizeni mkunga amwangalie anavyoshika ziwa. Wengi wanashika chuchu peke yake: mama anaumia, mtoto anavuta hewa, maziwa hayatoki. Mdomo ufunguke wazi, uchukue na ule weusi unaozunguka chuchu, kidevu kiguse ziwa. Usiku asiachwe bila kunyonya, kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi usiku. Ziwa hutengeneza kadiri linavyotolewa. Likibaki limejaa, mwili unapunguza. Ndiyo maana chupa ya maziwa ya kopo "ya kumpumzisha mama" inageuka kumkausha.

Hayo yakishakaa sawa, chenga za jirani si mbaya. Kijiko cha chai kwenye kikombe cha maziwa ya moto asubuhi na jioni. Angalieni tu kwamba chenga nyingi ni sukari zaidi kuliko mzizi, kwa hiyo kama alikuwa na kisukari cha mimba mpeni unga mtupu. Mtoto akipata vipele au kuharisha, acheni. Na uji wa pilipili manga uendelee, mwanamke anayenyonyesha anahitaji kula na kunywa.

Salma_Muscat:

Assalam alaikum. Huku Muscat maduka ya Wahindi wa Kerala yamejaa shatavari ya kila aina, unga, vidonge, samli, mpaka jamu. Mimi nanunua unga wa mfuko usio na jina kwa sababu ni rahisi. Nitajuaje kama ni wenyewe? Na kuna jirani kaniambia ni sawasawa na musli.

MfamasiaWaTanga:

Waalaikum salaam dada Salma. Musli nyeupe ni mmea mwingine, Chlorophytum borivilianum, nao una mizizi myeupe minene, na wafanyabiashara wasio waaminifu wanavichanganya. Kuna pia shatavari ya manjano inayotoka milimani ambayo sokoni inauzwa kwa jina hilohilo. Ukiwa na duka unaloliamini, nunua mzizi mkavu usiosagwa. Utauona rangi ya krimu, mikunjo ya urefu, hauna uzi mgumu ndani (ukiukuta uzi ujue hawakumenya vizuri), na ukiutafuna unateleza mdomoni. Saga mwenyewe kidogokidogo kwa matumizi ya wiki chache, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko, kwani unga wa shatavari unavuta unyevu na kuota kuvu haraka, hasa joto la huko kwenu.

Mfuko usio na jina uache. Sikutishi bure. Mwaka 2004 watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakazipima, na 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakarudia kwa bidhaa 193 za kununuliwa kwenye intaneti, na kiasi cha moja kati ya tano zikawa na madini hayo. Nyingine madini yamewekwa kwa makusudi, kuna tawi la Ayurveda linaitwa rasa shastra ambalo linatumia metali, na hizo ndizo zilizoongoza. Lakini hata za mitishamba mitupu zimekutwa. Risasi inapita kwenda kwa mtoto tumboni na kwenye maziwa. Kwa hiyo nunua yenye jina la kiwanda, namba ya toleo, tarehe, na leseni ya utengenezaji ya Ayush, yaani wizara ya India inayosimamia tiba hizi. Yenye cheti cha kupimwa madini ndiyo bora zaidi.

kijana_wa_sinza:

Mkuu samahani, naona na wewe umevaa koti jeupe. Bibi zetu walitumia mizizi na wakazaa watoto kumi. Sasa kila kitu mpaka utafiti wa Mzungu? Mimi nauza shatavari na nina shuhuda za dada waliopata mimba.

MfamasiaWaTanga:

Mdogo wangu, karibu, na nashukuru umesema wazi kwamba unauza. Majaribio yote mawili ya maziwa niliyoyataja yamefanywa na Wahindi, India. Nchi yenye mzizi ndiyo inayoupima. Mwezi wa pili mwaka 2025 wizara yao ya Ayush ilizindua kampeni ya kitaifa ya kuitangaza shatavari, wanaipenda na wanaijivunia, na bado wanaipima.

Bibi zetu nawaheshimu kuliko unavyofikiri. Kungwi wa kweli hakumpa mwali dawa kabla ya kukaa naye, kumuuliza, kumtazama. Vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, wa Jamnagar naye hivyohivyo: anashika mshipa wa mkono, anaangalia ulimi, anauliza choo, usingizi, hedhi inakuja lini na rangi gani. Nimeona mwanamke anaingia anataka shatavari, vaidya anamnyima kwa sababu tumbo lake halisagi chakula, anampa tangawizi kwanza arudi baadaye. Dawa moja kwa kila mwanamke kupitia WhatsApp haipo kwenye Ayurveda na haipo kwa bibi zetu. Imeanzishwa na wauzaji.

Kuhusu shuhuda, katika wenza 100 wanaokutana bila kinga, takriban 85 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja bila dawa yoyote. Ukiwauzia wote 100 makopo, utapata shuhuda 85, na kila moja itakuwa ya kweli. Waliobaki 15 ndio waliokuwa wanakuhitaji, na hao hawarudi kukuandikia.

Kama biashara hii unaitaka kwa muda mrefu, hapa Tanzania tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake, na pale chuo kikuu cha Muhimbili (MUHAS) kuna taasisi nzima ya tiba asili. Sajili bidhaa yako, ipimwe, futa maneno ya mirija na fibroidi kwenye tangazo. Andika "huwasaidia akina mama wanaonyonyesha, kwa desturi ya Kihindi" na mimi mwenyewe nitamwelekeza mtu kwako.

kijana_wa_sinza:

Nimekuelewa dada. La mirija nitalitoa. Hilo la kusajili nakuja pembeni unielekeze.

Mama_wa_Same:

Shikamoo dada mfamasia. Huku milimani kwetu kuna mmea wa kupanda wenye mizizi minene mingi, nimeangalia picha za shatavari naona kama ndio. Nikichimba nikausaga, si ni uleule?

MfamasiaWaTanga:

Marahaba mama, ila tafadhali usichimbe. Kwenye vichaka vyetu kuna Asparagus za aina nyingi na si zote ni hii. Jambo la hatari zaidi ni Gloriosa superba, lile ua zuri la kupanda lenye petali nyekundu na manjano zilizogeuka juu, ncha ya jani lake inajisokota kushikilia matawi. Nalo lina mzizi mnene chini na linaota mahali palepale. Lina sumu ya kolchisini. Kipande kidogo kinaanza na kutapika na kuharisha, kisha figo na uboho, na watu wamekufa. Wakati wa kiangazi maua yamekwisha na majani yamekauka, kilichobaki ardhini ni mizizi tu, na hapo hata mimi singejiamini kuitofautisha kwa macho. Ukitaka kujua mmea wako ni upi, chukua tawi lenye majani na maua au matunda, ulibane kwenye gazeti likauke, ulipeleke kwa wataalamu wa mimea wa chuo kikuu, wana kumbukumbu za mimea ya nchi nzima na watakuambia jina lake.

Kuna na jambo la mmea wenyewe. Kuchimba mizizi ni kuung'oa. India pori lilichimbwa mno mpaka serikali ikaanza kuhimiza watu walime. Sipendi kuona milima ya Same inafuata njia hiyo kwa ajili ya tangazo la WhatsApp.

Bi_Mkubwa52:

Mimi nimefika ukomo wa hedhi. Usiku naamka nimelowa jasho, mchana joto linapanda ghafla usoni nikiwa mbele ya wateja. Na huko chini kumekauka, hata baba watoto nimeanza kumkwepa. Daktari alinipa vidonge vya homoni nikaogopa. Shatavari yanifaa?

MfamasiaWaTanga:

Bi mkubwa, ahsante kwa kulisema, wanawake wengi wanalibeba kimya na ndoa zinapoa bila mtu kujua sababu. Hili ni eneo ambalo desturi ya Ayurveda inaipa shatavari kazi hasa. Ushahidi wa joto la ghafla kwa wanadamu ni mdogo. Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kilichapisha mwaka 2021 jaribio la wanawake 20 waliopita ukomo wa hedhi, wiki sita, na waliotumia shatavari walipata nguvu zaidi za mkono kushika. Nguvu za goti hazikutofautiana, na vipimo vya mifupa havikubadilika. Kwa hiyo usiichukue kama kinga ya mifupa.

Kama huna fibroidi, hukuwahi kuwa na saratani ya titi, na presha yako haitibiwi kwa vidonge vya kukojoza, jaribu hivi: chukua kikombe cha maziwa na robo kikombe cha maji, weka nusu kijiko cha chai cha unga, chemsha moto mdogo huku unakoroga mpaka yale maji yapungue, tia iliki moja iliyopondwa na sukari guru kidogo. Kunywa ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala. Kinywaji kizuri, kina ladha ya mahindi machanga. Wiki ya pili unaweza kuongeza mpaka kijiko kizima. Wazee wa kule hawavuki gramu 6 za unga kwa siku kirahisi. Tumbo likijaa gesi au kifua kikianza makohozi, punguza au acha. Ukifika miezi miwili hujaona nafuu, usiendelee kwa matumaini tu.

Ukavu wa ukeni una tiba inayofanya kazi vizuri, krimu ya estrojeni ya kupaka hapohapo, kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo sana kuliko vidonge ulivyoogopa. Muulize daktari habari zake. Na nikuombe sana: ukomo ukishatimia mwaka, tone la damu likitokea, hata moja, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Hiyo hatuitibu kwa mzizi wowote.

Baba_Nasri:

Dada mfamasia, mimi ndiye huyo uliyesema hela inatoka mfukoni mwake. Tuna miaka minne ndani ya ndoa, hatujapata. Mke wangu amekunywa makopo ya shatavari tangu mwaka jana kwa sababu muuzaji alimwambia mirija imeziba. Alimjuaje kuwa imeziba? Hakuna aliyempima. Hedhi yake inakuja vizuri. Nifanye nini, maana amekata tamaa na ndugu zangu wameanza maneno.

MfamasiaWaTanga:

Kaka, pole sana kwa miaka hiyo minne, mwambie na shemeji pole. Swali ulilouliza ndilo sahihi: muuzaji alijuaje? Hawezi kujua. Mirija inaonekana kwa kipimo cha eksirei ambacho dawa maalumu inapitishwa kwenye mlango wa kizazi ikitazamwa kama inatokea upande wa pili. Kinafanyika siku chache baada ya hedhi kumalizika, kinauma kiasi, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo.

Lakini anza na wewe. Kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko vyote vya mke wako, hakimuumizi mtu, na karibu nusu ya wenza wasiopata mtoto kuna tatizo upande wa mwanamume, peke yake au pamoja na la mke. Kaa siku mbili hadi saba bila tendo, nenda maabara ya hospitali asubuhi, sampuli ipimwe ndani ya saa moja. Matokeo yakiwa na kasoro, rudia baada ya miezi mitatu, kwa kuwa mbegu zinachukua muda huo kutengenezwa, na homa ya malaria ya mwezi uliopita inatosha kuziharibu kwa muda.

Mwambie mke wako asimamishe kopo, ikiwa mimba imeshaingia bila kujulikana hatutaki awe analitumia. Mwende kliniki ya uzazi wote wawili, siku moja, mkiwa na karatasi ya tarehe za hedhi zake za miezi sita iliyopita. Lichukueni na kopo mumwonyeshe daktari ajue amekunywa nini. Na ndugu zako wakiuliza, waambie wewe ndiye unayepimwa kwanza. Maneno yatapungua.

Baba_Nasri:

Nimeelewa dada. Kesho asubuhi naomba ruhusa kazini niende maabara. Nitaleta mrejesho hapahapa.